Jambo Moja, Msimu Mmoja: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Kipaumbele na Kujua Unakoelekea

Mwishoni mwa mwaka 2019 nilikuwa na mambo saba mkononi. Nilikuwa na cherehani moja ya kukanyaga kwenye kibanda pale Kondele, Kisumu, nikishona na kurekebisha nguo. Kwa mama, upande wa Maseno, nilikuwa na kuku sitini wa kienyeji. Kila Alhamisi nilipakia gunia la omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye basi la Nakuru, binamu yangu apokee na kuuza. Kwaya ilikuwa imenifanya mweka hazina. Vyama vya akina mama nilikuwa kwenye viwili. Jioni tatu kwa wiki nilisoma kompyuta. Na usiku, kabla usingizi haujanichukua, nilipanga safari ya kwenda kufanya kazi Qatar.

Walioniona walisema huyu mama ana bidii, nami niliamini. Lakini Desemba ilipofika sikuwa na karo ya muhula wa kwanza. Kuku arobaini na mmoja walikuwa wamekufa kwa kideri, kwa sababu wiki ya chanjo nilikuwa Nakuru nikifuatilia pesa za omena. Mkanda wa cherehani ulikuwa umelegea miezi miwili, na sikuwa nimepata hata saa moja ya kuubadilisha.

Ukijiona hapo, mwongozo huu ni wako. Nimeufuata mwenyewe, nimekaa na watu kadhaa wakaufuata, na najua mahali unapobana. Usianze kwa kukaa chini na kuwaza unataka nini maishani. Nilikaa na kuwaza miaka mitatu nikaambulia kichwa kuuma. Anza kwa kuhesabu unachofanya tayari. Kisha chagua jambo moja, lipatie msimu wake, na uwaambie watu wako waziwazi kwamba mengine yatangoja.

Neno lenyewe limeshasema kila kitu. Kipaumbele ni kile unachokipa umbele, unachokitanguliza mlangoni. Watu saba hawawezi kutangulia kwenye mlango mmoja kwa wakati mmoja.

Hatua ya kwanza: hesabu wiki moja, usirekebishe kitu

Nunua daftari la kurasa 32, lile dogo la shule. Kwa siku saba, kila unapobadilisha shughuli, andika saa na ulichoanza kufanya. Andika papo hapo. Ukingoja usiku, kumbukumbu itakutengenezea siku nzuri kuliko ile uliyoishi. Na wiki hiyo usijaribu kuwa mtu mpya. Kama huwa unakaa na simu saa mbili, kaa nayo, uandike.

Huu ni ukurasa wangu wa Jumanne moja, kama nilivyouandika:

Saa 12:00 asubuhi, chai, watoto, kufua.
Saa 2:10, nimefungua kibanda.
Saa 2:15, simu. Kundi la kwaya, nani hajalipa.
Saa 3:40, zipu ya suruali. Shilingi 100.
Saa 4:05, binamu amepiga, omena zimelowa. Natafuta kondakta.
Saa 5:20, marekebisho mawili. Mama mmoja ameulizia sare za watoto watatu za Januari. Nimemwambia arudi Ijumaa.
Saa 7:00 mchana, chakula. Simu ya chama.
Saa 8:30, nimekaa. Hakuna mteja. Nimeangalia bei za tikiti.
Saa 11:00 jioni, nimefunga mapema, darasa la kompyuta.

Jumapili usiku nilisoma siku zote saba kwa mpigo. Ule mstari wa mama aliyeulizia sare niliukuta mara tano, kwa watu watano tofauti, na wote nilikuwa nimewaambia warudi siku nyingine. Wiki nzima nilikuwa nalalamika kwamba sijui Mungu anataka niende wapi, kumbe watu watano walikuwa wamesimama mbele ya meza yangu wakininyooshea kidole njia. Nililia kidogo usiku ule, sitaficha.

Ukimaliza wiki, piga hesabu. Wiki ina saa 168. Nikitoa saa saba za usingizi kila usiku, nilibaki na 119. Kwenye cherehani nilikuwa nimekaa saa 22. Simu za mambo ya watu wengine zilikuwa zimekula 17. Omena saa 13, na faida ya wiki hiyo ilikuwa shilingi 900.

Sasa pitia kila mstari uutie alama moja kati ya tatu. Ya kwanza ni ya mambo yanayokujenga: yatakayokufanya mwaka ujao uwe na ujuzi, afya au mtaji ambao leo huna. Ya pili ni ya yanayokulisha: yanayoleta unga leo. Ya tatu ni ya yanayokula: yanachukua saa na hayaachi kitu. Usiwe mkali kupita kiasi hapa. Kumsaidia mtoto hesabu za shule ni jambo linalojenga. Kulala kunajenga. Kuzungumza na jirani aliyefiwa hakuli chochote chako.

Kuna jambo utaliona ukitia alama: yanayokula karibu yote huanza na mlio. Simu imelia, mtu amepiga hodi, ujumbe umeingia. Mwaka 1954, akihutubia mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni kule Evanston, Marekani, Rais Dwight Eisenhower alisimulia maneno ya mkuu mmoja wa chuo, kwamba mambo ya haraka si muhimu na mambo muhimu huwa hayana haraka. Si kweli kila mara; mtoto mwenye homa ni haraka na ni muhimu. Lakini mkanda wa cherehani haukunipigia simu hata siku moja.

Hatua ya pili: soma pesa zako

Saa zinaweza kukudanganya kidogo. Pesa hazidanganyi. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, sehemu kubwa ya maisha yetu imepita humo, na kumbukumbu yake ipo. Piga *334#, ingia kwenye akaunti yako, omba taarifa ya miezi mitatu iliyopita, itakuja kwa barua pepe. Kama huna barua pepe, mwombe kijana wa saiba akufungulie. Itoe kwenye karatasi, chukua kalamu za rangi tatu, utie alama zile zile.

Kwa miezi mitatu nilikuta nimetoa michango ya shilingi 11,350. Ada na riba za mikopo ya simu 3,600. Kutuma na kutoa pesa peke yake kulikuwa kumekula 2,140. Kompyuta 4,500. Na kwenye cherehani, ile niliyokuwa nawaambia watu ndiyo kazi yangu, nilikuwa nimetumia shilingi 60 za sindano.

Mali bila daftari hupotea bila habari, waliosema hivyo walikuwa wafanyabiashara. Usijilaumu ukisoma taarifa hiyo. Isome kama daktari anavyosoma kipimo cha damu: hiki ndicho kilichomo, sasa tutibu.

Hatua ya tatu: andika yote unayotaka, kisha urudishe ya kuazima

Ukurasa mpya. Andika kila unachotamani, kikubwa na kidogo, mpaka mkono ukome: kujenga kwa mama, kupunguza mwili, kurudi shule, kulipa deni la dukani, kujifunza kuendesha gari, kuoa, kuacha pombe. Wengi wetu huishiwa baada ya kumi na tano. Ngoja kidogo, zile za mwisho mwisho, zinazotoka kwa shida, mara nyingi ndizo za kweli.

Kisha kwa kila moja uliza: nani aliniambia hili kwanza? Na je, ningelitaka kama hakuna mtu wa kwetu angejua nimelipata?

Qatar ilinishinda hapo. Niliipata kwa jirani ambaye dada yake alienda akajenga nyumba ya mawe. Yule dada alikuwa na sababu zake na nguvu zake, na ninamheshimu. Sababu yangu mimi ilikuwa kukimbia simu zilizokuwa zinalia. Binamu yangu wa Nakuru naye alikuwa ameomba kazi ya kaunti mara nne, na kila mara alipokosa alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kazi ya kaunti ilikuwa ndoto ya shangazi. Yeye anapenda kuuza. Mpe meza, mizani na watu wapitao, anafurahi mpaka giza liingie.

Ndoto ya kuazima hutaijua kwa sura, kwa sababu inafanana kabisa na yako. Utaijua kwa uzito. Irudishe kwa mwenyewe bila matusi.

Kwa zilizobaki, jaribu swali moja ambalo mimi hulitegemea kuliko mengine yote: miaka mitatu kutoka sasa, ungependa Jumanne ya kawaida iweje? Usiniambie siku ya harusi wala siku ya kufungua nyumba. Niambie Jumanne. Unaamka wapi, unashika nini mkononi saa nne asubuhi, unakula mchana na nani, jioni mwili wako una hali gani? Mwalimu mmoja wa Bungoma niliyemuuliza swali hili alinyamaza muda mrefu, akasema: “Niko shambani saa kumi na mbili, darasani saa mbili, na jioni sina deni la mtu.” Alikuwa amekuja kuniuliza kama akope anunue gari la uchukuzi. Hatukuzungumza tena juu ya gari.

Hatua ya nne: mechi za mtoano

Sasa una labda mambo saba, manane. Yote ni mazuri, na hapo ndipo watu wengi hukwama, kwa sababu kuacha baya ni rahisi, kuacha zuri ndiyo kazi. Njia mbili zilimshinda fisi, na wewe una nane.

Kata karatasi ndogo, kila jambo kwenye yake, zipange mezani mbili mbili kama mechi za mtoano. Kwa kila jozi uliza: kama ningeweza kupata moja tu kati ya haya mwisho wa msimu huu, ningechukua lipi? Na lazima useme sababu kwa sentensi moja, kwa sauti. Ukishindwa kusema sababu, bado unachagua kwa aibu au kwa woga. Lililoshinda linakutana na mshindi mwingine, mpaka ibaki moja. Kukitokea sare ya mabao, angalia ni lipi likifanikiwa litayarahisishia mengine. Kama bado, chukua lile ambalo hatua yake ya kwanza inawezekana wiki hii kwa pesa ulizo nazo.

Kwangu sare za shule zilitoa kompyuta, zikatoa kuku, zikatoa omena. Fainali ilikuwa sare za shule dhidi ya kulipa mikopo ya simu, na sare zikashinda kwa sentensi hii: “Sare zitalipa mikopo, mikopo haitashona sare.”

Hapa niseme jambo kwa mtu aliyebanwa. Kama kodi ya nyumba imepita miezi miwili, au una mgonjwa, au mkononi mwako kuna barua ya mahakama, basi kipaumbele kimeshajichagua. Usijione umepotea njia. Shughulikia hilo kwa msimu mzima kwa moyo safi, karatasi zako zitakungoja.

Kuhusu msimu: sisi wa pande hizi hatuhitaji kufundishwa. Mahindi hayapandwi Januari. Unangoja mvua ya Machi. Ukienda Dunga, ufuo wa hapa Kisumu, utaona wavuvi wa omena wanaingia ziwani na taa zao usiku wa giza, maana ni taa inayowavuta samaki. Mwezi ukiwa mpevu taa haina nguvu, basi wanakaa ufuoni kushona nyavu, na hakuna anayewaita wavivu. Jambo lako nalo lina mwezi wake. La sare lina Januari. La mkulima lina mvua. La mwanafunzi lina tarehe ya mtihani. Chukua wiki kumi na mbili au kumi na tatu zinazolifaa, uandike mwanzo na mwisho. Chini ya hapo hutaona matokeo. Zaidi ya hapo moyo hupoa.

Hatua ya tano: tia nambari, tarehe na saa

“Nikuze biashara ya sare” ni maombi, hiyo bado si mpango. Niliandika hivi: kufikia tarehe 30 Aprili 2020 niwe nimeshona na kuuza seti 40 za sare za shule mbili zilizo karibu, na niwe nimeweka shilingi 12,000 za kununua ovaloki iliyotumika, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa.

Kisha nikarudi nyuma wiki kwa wiki. Wiki ya kwanza ilikuwa ya mkanda wa cherehani, na kwenda kwenye lango la kila shule kuangalia rangi kamili ya kitambaa, maana bluu ziko bluu na bluu. Wiki ya pili, seti tatu za kwanza kwa wale akina mama watano, ambao namba zao sikuwa nazo. Ilibidi nimtafute mmoja baada ya mwingine nikiuliza Kondele nzima.

Angalia sana makadirio yako. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza jinsi mtu anavyopanga kazi kwa kuangalia namna anavyotaka iende, akasahau zile za nyuma zilimchukua muda gani. Dawa yake iko kwenye daftari lako. Nilidhani gauni la sare ni saa mbili. Daftari lilisema saa tatu na nusu, ukihesabu kupiga pasi na vifungo. Nilipanga kwa tatu na nusu.

Halafu ifunge kazi yenyewe kwenye kitu ambacho hutokea kila siku. Mtafiti mwingine, Peter Gollwitzer, aliandika mwaka 1999 kwamba mpango wa namna ya “likitokea hili, nitafanya lile” hutimizwa zaidi kuliko nia tupu. Wangu ulikuwa huu: nikishaning'iniza pazia la kibanda, nakata kitambaa cha sare kabla sijawasha data. Kila asubuhi. Kuna siku nilikata kipande kimoja tu cha mkono, nikawasha data, lakini kipande kilikuwa kimekatwa.

Na yale mengine? Fungua ukurasa wa mwisho wa daftari, andika juu yake “Yangoje”, uyahamishie huko yote. Yaliyokaribia kumalizika yamalizie kwanza: kompyuta ilikuwa imebaki wiki tatu, nikamaliza, nikafanya mtihani. Kwaya niliwapa hesabu zao mbele ya watu watatu, wakachagua mwingine. Kuku nilimwachia mama, na kusema kweli wanaendelea vizuri zaidi kwake. Chama kimoja nilitoka baada ya zamu yangu ya kulipa kwisha, si kabla. Ukitoka ukiwa na deni la watu hutapata amani. Omena nilisimamisha siku hiyo hiyo.

Hatua ya sita: watu wako

Hapa ndipo mipango ya watu wa kwetu huvunjikia, na miongozo mingi haithubutu hata kidogo kuligusa. Magharibi ya Kenya msiba si wa nyumba moja. Kuna mkutano wa mipango, kuna gari la mwili, kuna hema, kuna chakula cha siku nne tano, na jina lako linasomwa. Napenda desturi hiyo. Baba alipofariki, ni michango ya watu iliyotushika. Kwa hiyo sitakuambia uache kutoa, na anayekuambia hivyo hajui atazikwa na nani.

Nitakuambia uamue kiasi kabla simu haijalia. Nilitenga shilingi 1,500 kwa mwezi za michango yote, nikiziweka kando kama kodi. Zikiisha, natoa mikono. Mtihani wa kwanza ulikuja Februari, baba mdogo alipopiga.

“Binti yangu, tumekuandika elfu tatu za gari.”

“Pole sana, baba. Nimesikitika. Nina mia tano, nazituma sasa hivi. Na Ijumaa jioni nitakuja kupika mpaka asubuhi.”

Alinyamaza. “Elfu tatu tuliona unaweza.”

“Naelewa, baba. Za mwezi huu ni hizo. Ijumaa nitakuwa hapo.”

Nilituma kabla hatujakata simu. Ijumaa nilikwenda, nikasonga ugali wa watu mia mbili na akina shemeji, na Jumapili baba mdogo mwenyewe akanifungia mahindi ya kubeba nyumbani.

Angalia mpangilio wa maneno hayo. Pole inatangulia, na iwe ya kweli. Kiasi kinatajwa kamili na kinatumwa hapo hapo. Kisha unatoa kitu cha mwili wako, chenye siku na saa. Hakuna maelezo marefu. Ukianza kueleza karo, kodi na kitambaa, umefungua soko, na sokoni watu hupunguziana bei.

Kama una mume au mke, keti naye kabla ya msimu kuanza, na daftari mezani, umwonyeshe hesabu ya saa na ya pesa. Usimwambie umeamua, mwonyeshe ulichokiona, umuulize naye anaona nini. Usilitangaze jambo lako kwenye makundi ya simu. Pongezi za mapema hutuliza njaa. Mpe mtu mmoja tu ruhusa ya kukuuliza kila Jumapili: “Ngapi wiki hii?” Wangu alikuwa binamu wa Nakuru, nami nilimuuliza yeye kuhusu meza yake ya nafaka.

Hatua ya saba: Jumapili dakika ishirini, na lini ugeuke

Kila Jumapili andika vitu vitatu: nimefanya ngapi, nini kilinizuia, wiki ijayo nianze na nini. Basi. Ukikosa wiki moja, usiandike barua ya kujilaumu; andika sufuri, uendelee.

Na mwanzoni kabisa mwa msimu, ukiwa na akili timamu, andika pia kitu ambacho kikitokea utageuka. Nilikuwa nimeandika: “Wiki tatu mfululizo bila oda, nitafikiri upya, lakini sitauza cherehani.” Niliandika tu kwa sababu nilijua tabia yangu ya kurukaruka. Sikujua nitaihitaji.

Tarehe 15 Machi 2020 serikali ilitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Nilikuwa na seti 27 zilizouzwa na kitambaa cha sita zaidi kwenye rafu. Wiki ya kwanza hakuna oda. Ya pili hakuna. Ya tatu nilifungua ule ukurasa, nikausoma mara mbili. Nisingekuwa nao ningerudi kwenye omena, kwenye Qatar, kwenye kila kitu. Ulinilazimisha kuuliza swali dogo zaidi: cherehani hii inaweza kushona nini ambacho watu wanahitaji leo? Aprili barakoa zikawa lazima hadharani. Nilikata kitambaa cha sare, bluu ile ile, nikashona barakoa mpaka miguu ikavimba kwa kukanyaga.

Huwa namfikiria Eliud Kipchoge, jirani yetu wa Nandi. Alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 kule Paris. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Olimpiki ya London, mtu mzima mwenye jina lake. Mwaka 2013 akakimbia marathoni yake ya kwanza, Hamburg, akashinda. Kukimbia hakuacha. Alibadilisha umbali. Ukifika kwenye masharti yako ya kugeuka, tofautisha hivyo viwili: je, ni kazi yenyewe imekufa, au ni umbali wake?

Ovaloki niliinunua Septemba, miezi mitano baada ya tarehe niliyoandika. Na tarehe 4 Januari 2021, watoto wote waliporudi shuleni, walikuwa wamerefuka kwa miezi tisa na zaidi. Hakuna kaptura iliyofika magotini. Wazazi walipanga foleni kibandani, na wale akina mama watano walikuwa miongoni mwao.

Msimu ukiisha, pumzika wiki moja au mbili bila lengo lolote. Usiunganishe. Kisha fungua ukurasa wa “Yangoje” na urudi kwenye mtoano. Mwezi wa Mei mwaka huo nilipoufungua wangu, Qatar ilikuwa bado pale kwa mwandiko wangu. Niliikutanisha na jambo jipya, mtihani wa gredi wa ushonaji wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kwa maana kazi nilijifunza kibandani na sikuwahi kuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Qatar ilitoka mechi ya kwanza. Niliipiga mstari mwekundu, nikafunga kibanda saa nane, nikaenda kuuliza siku ya usajili.